Mafuta ya Chakula na Kolesteroli ya Damu

Kolesteroli, au lehemu, ni dutu ya jamii ya mafuta ambayo mwili hauwezi kuishi bila hiyo. Kila seli huitumia kujenga utando wake, tezi huitumia kutengeneza homoni za uzazi, na ini huigeuza kuwa asidi za nyongo zinazohitajika katika kusaga mafuta ya chakula. Kwa kuwa ni ya lazima, mwili haungoji kuletewa: hujitengenezea takriban gramu 1 kwa siku. Mlo wa kawaida wenye nyama, maziwa au mayai huongeza robo hadi theluthi ya gramu tu. Ndiyo maana mtu asiyegusa nyama wala yai hapungukiwi nayo, na ndiyo maana pia kuhesabu kolesteroli iliyomo ndani ya kila chakula ni hesabu isiyofika mbali. Kwa watu wengi, kinachopandisha au kushusha kipimo cha damu ni mambo mawili mengine: aina ya mafuta yanayopikiwa, na kiasi cha makapimlo, yaani nyuzinyuzi, zinazoingia tumboni pamoja na mafuta hayo.

Damu ni majimaji, na mafuta hayachanganyiki na maji. Kwa sababu hiyo kolesteroli husafirishwa ikiwa imefungwa ndani ya chembe zilizovikwa protini. Chembe za LDL hutoka kwenye ini na kuisambaza mwilini. Zikizidi, hujipenyeza kwenye ukuta wa ateri, hukwama humo, na kwa miaka mingi hujenga uvimbe wa mafuta unaobana njia ya damu. Uvimbe huo ukipasuka, damu huganda juu yake. Ikitokea kwenye ateri za moyo, matokeo ni shambulio la moyo. Ikitokea kwenye zile za ubongo, ni kiharusi. Chembe za HDL hurudisha kolesteroli kwenye ini, na kwa hiyo huitwa nzuri, ingawa dawa zilizobuniwa ili kuipandisha HDL hazikuleta nafuu iliyotarajiwa. Anayesoma majibu ya maabara na aanze na LDL.

LDL huondolewa damuni na vipokezi vilivyo juu ya seli, hasa za ini. Michael Brown na Joseph Goldstein, waliofanya utafiti wao Dallas, Marekani, walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1985 kwa kueleza jinsi vipokezi hivyo vinavyofanya kazi. Ini likipungukiwa na kolesteroli huongeza vipokezi na kuvuta LDL nyingi kutoka kwenye damu. Likiwa nayo ya kutosha hupunguza vipokezi, na LDL hubaki ikizunguka. Karibu kila ushauri wa chakula unaofaa kufuatwa hufanya kazi kwa kugusa vipokezi hivi, ama moja kwa moja, ama kwa kupitia utumbo.

Safari ya mafuta utumboni inastahili kuelezwa kwa utaratibu, maana hadithi nyingi za mitaani zimezaliwa kwa kutoijua. Mdomoni na katika mfuko wa tumbo mafuta husagwa kidogo tu. Kazi yenyewe huanza kwenye utumbo mwembamba. Mafuta yanapofika hapo, kifuko cha nyongo hujikamua na kumwaga nyongo, ambayo huyavunja mafuta kuwa matone madogo sana kama sabuni inavyofanya kwenye sufuria yenye masalia ya mchuzi. Kisha kimeng'enya cha lipasi kutoka kwenye kongosho huyakata matone hayo kuwa asidi za mafuta. Asidi hizo hupita kwenye ukuta wa utumbo, huunganishwa upya upande wa pili, hufungwa kwenye chembe kubwa na kuingia kwenye mishipa ya limfu kabla ya kufika kwenye damu. Saa chache baada ya mlo mnono damu ya mtu mwenye afya njema huwa na ukungu mweupe wa mafuta, na hilo si ugonjwa.

Katika mwili wenye afya zaidi ya asilimia 95 ya mafuta yaliyoliwa hufyonzwa. Hakuna kinywaji kinachoyazuia. Maji baridi hayayagandishi mafuta tumboni, kwa sababu hupata joto la mwili muda mfupi baada ya kunywewa. Limau, siki na tangawizi havikati mafuta, ijapokuwa huukata unono mdomoni, na huenda ladha hiyo ndiyo iliyozaa imani yenyewe. Dawa ya orlistati, inayozuia lipasi, hupunguza ufyonzaji kwa karibu theluthi moja. Mafuta yaliyozuiwa hutokea chooni, mara nyingine kwa haraka isiyongoja. Mtu anayeuziwa chai ya kukata mafuta isiyoleta dalili yoyote ya namna hiyo ana haki ya kujiuliza mafuta hayo yaliyokatwa yamekwenda wapi.

Kolesteroli hufuata njia nyingine. Wastani wa nusu yake tu ndiyo hufyonzwa, na kiwango hicho hutofautiana sana kati ya mtu na mtu, jambo linaloeleza kwa nini ndugu wawili wanaokula sufuria moja huweza kupata majibu tofauti maabara. Tena sehemu kubwa ya kolesteroli inayopita utumboni haikutoka kwenye chakula, imetoka kwenye ini kupitia nyongo. Nyongo yenyewe haipotei. Ikishamaliza kazi yake, takriban asilimia 95 ya asidi zake hufyonzwa mwishoni mwa utumbo mwembamba na kurudi kwenye ini ili zitumike tena, mara kadhaa kwa siku. Hapo ndipo chakula hupata nafasi ya kuingilia, kwa kuwa kitu chochote kinachoishika nyongo utumboni na kutoka nayo hulilazimisha ini kutengeneza nyingine. Malighafi ya nyongo mpya ni kolesteroli. Ini huongeza vipokezi, huvuta LDL, na kipimo cha damu hushuka.

Kitu chenyewe ni makapimlo yanayoyeyuka, yale yanayofanya utelezi yakikutana na maji. Utelezi wa bamia ni wa jamii hiyo. Hupatikana kwa wingi kwenye maharage, kunde, choroko, mbaazi na dengu, kwenye shayiri na oti, na kwenye matunda kama mapera, machungwa, maembe na parachichi. Gramu 3 kwa siku za makapimlo ya oti, ambazo hupatikana katika bakuli kubwa la uji au mawili ya kawaida, hushusha LDL kwa kiasi kidogo lakini cha hakika. Mlo mmoja wa maharage au jamii yake kila siku, kama robo tatu ya kikombe yakiwa yameiva, huishusha kwa takriban asilimia 5. Oti huagizwa kutoka mbali na bei yake si ya kila mtu. Maharage yako kila soko. Makapimlo yasiyoyeyuka, kama pumba za dona, hayana nguvu hiyo juu ya kolesteroli, lakini hulainisha choo, na husaidia mtu kushiba kabla hajaongeza kijiko kingine cha mafuta.

Wazo kwamba makapimlo hulinda mwili lilipata nguvu Afrika Mashariki. Hugh Trowell, daktari Mwingereza, alifanya kazi Kenya na baadaye katika Hospitali ya Mulago, Kampala, kwa jumla ya miaka karibu 30. Katika muda wote huo ugonjwa wa ateri za moyo ulikuwa nadra kwa Waafrika kiasi kwamba mwaka 1956 yeye na mwenzake walichapisha taarifa ya mgonjwa mmoja tu, kama jambo la kushangaza. Denis Burkitt, mpasuaji wa Mulago aliyejulikana kwa saratani ya taya za watoto inayobeba jina lake, aliungana naye, na katika miaka ya 1970 wawili hao walitangaza hoja kwamba vyakula vilivyokobolewa na kusafishwa ndivyo vilivyoleta Ulaya magonjwa ambayo Uganda haikuwa nayo. Hoja yao ilikuwa pana kupita ushahidi wao, kwa sababu wagonjwa wa Mulago walitofautiana na Wazungu kwa mengi zaidi ya makapimlo: walitembea sana, hawakunenepa, na wengi walifariki wakiwa vijana kwa maradhi mengine. Hata hivyo sehemu kubwa ya walichosema kuhusu makapimlo imesimama, na wodi za moyo za Kampala, Nairobi na Dar es Salaam za leo hazimshangazi tena daktari yeyote.

Upande wa pili ni mafuta yenyewe. Mafuta yote ya kupikia ni mchanganyiko wa asidi za aina tatu. Zile zilizoshiba haidrojeni, ambazo huyafanya mafuta yagande kwa urahisi, hupunguza vipokezi vya ini na kuipandisha LDL. Zile za aina mbili nyingine, zisizoshiba, zinazobaki majimaji, huishusha zinapochukua nafasi ya zile za kwanza. Asidi zilizoshiba ni takriban asilimia 11 ya mafuta ya alizeti, 15 ya ufuta, chini kidogo ya 20 ya karanga, 26 ya pamba, karibu 50 ya mawese na ya mafuta ya ng'ombe, zaidi ya 60 ya samli, na zaidi ya 80 ya nazi. Shirika la Afya Duniani hushauri asidi hizo zisizidi asilimia 10 ya nishati ya chakula, yaani gramu 22 hivi kwa mtu anayekula kalori 2,000 kwa siku. Vijiko vikubwa viwili vya mafuta ya nazi vinafika hapo kabla ya kuhesabu kitu kingine chochote.

Maandishi ya "haina kolesteroli" kwenye chupa ya mafuta ya mimea ni ya kweli na hayana faida. Mafuta ya mimea hayana kolesteroli ya kuzungumzia, yawe ya alizeti au ya mawese, hivyo anayesifia chupa yake kwa jambo hilo hajasema lolote linaloitofautisha na chupa iliyo pembeni yake. La kuuliza ni yametokana na zao gani. Mafuta ya kupima yanayouzwa kwa vipimo vidogo dukani mara nyingi ni mawese yaliyosafishwa, yaliyoondolewa rangi na sehemu yake nzito. Katika joto la Dar es Salaam au Mombasa hubaki maangavu, na mnunuzi hudhani ni mepesi. Yakipelekwa Njombe au Limuru, au yakiwekwa kwenye jokofu usiku kucha, huanza kuganda. Ya alizeti hubaki majimaji, hata kama yale ya kukamuliwa kienyeji huweka ukungu hafifu kwa sababu ya nta ya maganda. Mafuta ya nazi huganda chini ya nyuzi joto 24 hivi, kwa hiyo chupa moja huweza kuwa majimaji Tanga na gumu Lushoto.

Mabaya kuliko yote ni mafuta ya mimea yaliyogandishwa kiwandani kwa kutiwa haidrojeni kwa sehemu. Kazi hiyo huzaa asidi za transi, ambazo hupandisha LDL na papo hapo hushusha HDL. Shirika la Afya Duniani lilizitaka nchi mwaka 2018 ziyaondoe kwenye chakula ifikapo mwisho wa 2023, na nchi nyingi zimeweka kikomo cha gramu 2 kwa kila gramu 100 za mafuta. Mwenye duka la mkate na mpishi wa maandazi huyapenda kwa sababu hayaharibiki upesi na huupa unga mkatiko mzuri. Mlaji hana njia ya kuyaona ndani ya keki. Anachoweza ni kusoma lebo ya kopo analonunua mwenyewe, na kutofanya biskuti na keki za dukani kuwa kifungua kinywa cha kila siku.

Nazi inahitaji maneno zaidi, kwa kuwa kuishauri Pwani iache nazi ni kupoteza wino. Zipo sifa nyingi zinazovumishwa kuhusu mafuta yake, lakini majaribio yaliyoyalinganisha na mafuta ya mimea yasiyoganda yameonyesha mara kwa mara kwamba hupandisha LDL. Ni kweli pia kwamba jikoni mwa Pwani nazi haikuzoea kupikwa peke yake. Iliunga kunde, kisamvu, mchicha na samaki, vyakula vyenye makapimlo au mafuta yasiyoshiba, na watu walioila walivua, walilima na walitembea. Tatizo huongezeka pale wali wa nazi unapofuatana na nyama ya nazi, kisha kaimati na sambusa zilizokaangwa, kama inavyokuwa kwenye futari nyingi. Mpishi anaweza kuchagua chakula kimoja tu cha kutia tui siku hiyo. Anaweza pia kutumia tui jepesi la mkamuo wa pili na wa tatu kupikia, na kubakiza kiasi kidogo cha tui zito la kumalizia, ambalo ndilo linaloonekana na kunukia. Mchuzi hautapoteza heshima yake. Mawese ya Kigoma, Burundi na Kongo huingia kwenye hesabu hiyo hiyo, yakiwa na sifa moja ya ziada: yale mekundu yasiyosafishwa yana karotini nyingi ambayo mwili huigeuza kuwa vitamini A. Kijiko kimoja kwenye sombe kina maana, lakini kukaangia ndizi ndani ya karai la mawese ni jambo jingine.

Mayai yameonewa kwa muda mrefu. Yai moja lina takriban miligramu 200 za kolesteroli, zote kwenye kiini, na tangu mwaka 1968 Shirika la Moyo la Marekani lilikuwa likiwashauri watu wasizidishe miligramu 300 kwa siku. Mwongozo wa chakula wa serikali ya Marekani wa mwaka 2015 ulikiacha kikomo hicho, baada ya kuonekana kwamba kolesteroli ya chakula huathiri ile ya damu kwa kiasi kidogo: utumbo hufyonza nusu yake tu, na ini hupunguza utengenezaji. Kamba na ngisi ni mfano wa aina hiyo, wana kolesteroli nyingi lakini mafuta yaliyoshiba ni machache sana, na mtu wa Pwani hana sababu ya kuwaogopa wakipikwa kwa mafuta kidogo. Maini yana kolesteroli kuzidi yai, lakini pia yana madini ya chuma na vitamini A, na kuyala mara moja kwa wiki kunatosha. Kwenye sahani ya chipsi mayai, yai ndilo hulaumiwa, ilhali viazi vimekunywa mafuta yaliyokaangia tangu asubuhi. Mwenye kisukari, au mwenye LDL iliyo juu tayari, ndiye anayefaa kupunguza viini hadi vitatu au vinne kwa wiki. Ute hauna kikomo.

Anayetaka kutetea nyama nono na maziwa mara nyingi huwataja Wamasai. Mwaka 1964 George Mann wa Chuo Kikuu cha Vanderbilt na wenzake walichapisha uchunguzi wao wa Wamasai wa Tanganyika, waliokuwa wakiishi kwa maziwa na nyama, na wakaonyesha kwamba kolesteroli yao ilikuwa chini na dalili za ugonjwa wa moyo karibu hazikuwapo. Mara chache hutajwa taarifa ya pili, ya mwaka 1972, iliyotokana na kuchunguza maiti: ateri zao zilikuwa na uvimbe wa mafuta kama za Wazungu, lakini zilikuwa pana kiasi kwamba damu ilipita bila taabu. Upana huo ulihusishwa na kutembea siku nzima, miaka yote ya maisha. Utafiti mwingine wa miaka hiyo ulionyesha kwamba miili yao ilipunguza sana utengenezaji wa kolesteroli pale chakula kilipoleta nyingi. Maziwa yao mengi yalikuwa ya kuganda, nayo maziwa ya kuganda na jibini huipandisha LDL kidogo kuliko siagi yenye mafuta ya kiasi kile kile, kwa sehemu kwa sababu kalsiamu hushikamana na asidi za mafuta utumboni na kutoka nazo. Mfugaji aliyehamia mjini, anayekaa kwenye kiti saa nane na kula nyama choma na bia jioni, amechukua nusu ya maisha hayo na kuiacha nusu iliyomlinda.

Trigliseridi, mafuta mengine yanayopimwa pamoja na kolesteroli, huwashangaza wengi kwa sababu hupandishwa na vitu visivyo na mafuta. Ini hugeuza sukari ya ziada na pombe kuwa mafuta na kuyamwaga damuni. Mtu aliyeacha nyama kabisa lakini anakunywa chai yenye vijiko vinne vya sukari mara tatu kwa siku, soda mchana na sahani kubwa ya ugali wa sembe usiku, hujiuliza kwa nini majibu hayajabadilika. Kupunguza sukari na pombe kwa wiki chache hushusha trigliseridi upesi kuliko kuacha mafuta. Samaki wenye mafuta wa baharini, kama vibua na dagaa, huzishusha pia, mradi wasizamishwe kwenye karai.

Kahawa hutajwa mara chache katika mazungumzo haya, nayo ina nafasi yake. Utafiti wa Tromsø, Norwe, uliochapishwa mwaka 1983, ulionyesha kwamba wanywaji wakubwa wa kahawa walikuwa na kolesteroli ya juu. Baadaye ilijulikana kwamba chanzo ni mafuta ya kahawa yenyewe, hasa kafestoli, ambayo hubaki kwenye kahawa iliyochemshwa bila kuchujwa kwa karatasi. Kahawa ya baraza za Pwani huchemshwa kwenye dele, hivyo ni ya aina hiyo, lakini vikombe vyake ni vidogo, na viwili au vitatu kwa siku si vya kuhofia. Mwenye LDL ya juu anayekunywa vikombe vikubwa vingi anaweza kuichuja kwa karatasi, au kutumia ile ya unga unaoyeyuka, ambayo ina kafestoli kidogo sana.

Yote haya hayamaanishi kwamba mafuta yafukuzwe jikoni. Vitamini A, D, E na K hufyonzwa zikiwa zimeyeyuka kwenye mafuta. Mchicha, matembele na karoti zilizochemshwa kwa maji matupu huacha sehemu kubwa ya karotini yake ipite bila kuchukuliwa. Kijiko kidogo cha mafuta kwa mlaji, karanga zilizotwangwa au kipande cha parachichi hutosha kuifungulia njia. Mtoto wa chini ya miaka miwili hafai kabisa kupunguziwa mafuta, kwani ubongo wake unakua na tumbo lake ni dogo.

Karanga na korosho ni njia nzuri ya kuyapata mafuta hayo. Mafuta yake kwa sehemu kubwa hayajashiba, na zina steroli za mimea, ambazo hufanana na kolesteroli kwa umbo na hugombania nayo nafasi ya kufyonzwa. Kiganja kimoja kwa siku kinatosha. Jaribio la mwaka 1980 lilionyesha pia kwamba waliokula karanga nzima walitoa chooni mafuta mengi zaidi ya waliokula siagi ya karanga au mafuta yake, kwa sababu meno hayazivunji seli zote na mafuta hubaki yamefungiwa humo. Anayetaka kupungua uzito atafune karanga badala ya kupaka siagi yake. Aliye na mtoto dhaifu wa kulishwa afanye kinyume, azisage ziwe laini.

Jikoni, hatua yenye matokeo makubwa kuliko zote ni kupima. Mafuta yanayomiminwa moja kwa moja kutoka kwenye dumu hayana kiasi. Yanayopimwa kwa kijiko yanacho, na kila kijiko kikubwa ni gramu 14 hivi na kalori 120. Familia ya watu wanne inayotumia lita 2 za mafuta kwa mwezi inampa kila mmoja takriban gramu 15 kwa siku, nacho ni kiasi cha kuridhisha. Inayomaliza lita 5 ina la kujiuliza. Supu ya makongoro au ya mbuzi ikipoa usiku mmoja, mafuta yake huganda juu na kuondolewa kwa kijiko. Ngozi ya kuku wa kisasa ibaki sahanini, si kwa kila mlo lakini kwa mingi. Mafuta ya kukaangia yaliyokuwa meusi, mazito au yenye povu yamwagwe, kwa kuwa joto la kurudiwarudiwa huyaharibu na kuzalisha viambata vyenye madhara.

Kuhusu kiasi cha matumaini, chakula kina nguvu yenye mipaka. David Jenkins wa Toronto na wenzake walichapisha mwaka 2003 jaribio lililounganisha steroli za mimea, makapimlo yanayoyeyuka, protini ya soya na lozi. LDL ilishuka kwa karibu asilimia 29 kwa mwezi mmoja, karibu sawa na dawa ya lovastatini. Washiriki walikuwa wakipewa chakula chote kikiwa kimeandaliwa. Watu waliopewa ushauri tu na kujipikia wenyewe, katika jaribio la baadaye, walipata karibu nusu ya hapo. Wenye kurithi kolesteroli ya juu, ambao ni takriban mtu mmoja katika kila 300, huhitaji dawa hata wakila vizuri namna gani. Tezi ya koo inayofanya kazi polepole, ugonjwa wa figo na baadhi ya dawa, zikiwamo baadhi za kupunguza makali ya virusi vya Ukimwi, hupandisha mafuta ya damu pia, na si haki kumlaumu mgonjwa wa namna hiyo kwa sahani yake.

Kipimo kirudiwe wiki 6 hadi 12 baada ya kubadili chakula, ikiwezekana katika maabara ile ile, kwani LDL huanza kushuka ndani ya wiki chache. Kwa watu wengi LDL iliyo chini ya 2.6, ikiandikwa kwa milimoli kwa lita, au chini ya 100 ikiandikwa kwa miligramu kwa desilita, ni nzuri. Aliyewahi kupata shambulio la moyo au kiharusi hutakiwa kwenda chini zaidi. Choo chenye mafuta, kinachoelea, chenye harufu kali na kisichokwisha, pamoja na kukonda, si dalili ya mafuta kukatwa bali ya utumbo, nyongo au kongosho kushindwa kazi, na vijidudu vya giardia vinavyoenea kwa maji machafu huweza kuileta kwa mtoto. Anayeiona aende hospitali. Mtumiaji wa dawa za statini, zinazoshusha kolesteroli, asiziache kwa sababu majibu yamekuwa mazuri, na kama hula balungi au kunywa maji yake mara kwa mara amwambie daktari, kwa kuwa tunda hilo huzuia kuvunjwa kwa baadhi ya dawa hizo na kuziacha zizidi mwilini.